Chini ya Jogoo

Wamekuja na orodha, Bi Swafiya,
vijana wawili na bibi wa miwani kutoka Nyali,
wataka picha zako zote ukutani kabla ya Desemba.
Nikawafungulia mlango wa Kuze,
ule wa chini, unaogoma mpaka uusukume kwa goti.
Wakahesabu. Tisa.
"Miaka arubaini ya kazi, na picha tisa tu?"

Nikawatilia kahawa.

Hawakukuona ukimshikia baba kopo,
Mbarak, mchora mikokoteni wa Mwembe Tayari,
ukaijua harufu ya tapentaini
kabla hujaijua alifu.
Hawakuona mikono ya maharusi, Kibokoni mpaka Majengo,
hina na piko hadi adhana ya alfajiri:
kazi yako bora, ulisema,
na wiki tatu tu imekwisha kwa sabuni ya vyombo.
"Picha iliyokwenda jikoni imekwenda pema."

Wala hawajui ya bangili.
Sita, za Bwana Athmani, za siku ya nikaha.
Ya kwanza iliezeka ukumbi wa vijana wa michezo
(mwaka mzima akinung'unika mkewe amevaa mabati,
kisha ndiye aliyebeba ngazi).
Ya pili ni rangi.
Ya tatu ilimtoa Kazungu korokoroni,
aliyechora kwenye ukuta wa kanjo
diwani mwenye tumbo la bunju.
Ya nne sijui, ya tano hukusema.
Ya sita ingali kwa sonara, rehani,
risiti tumeikuta ndani ya kopo la brashi.

Jumamosi tulikuja kwa fujo.
Kwanza viazi vya karai na ukwaju, ndipo brashi.
"Mwenye njaa huchora chakula,
nami nimechoka na picha za chapati."
Tukichora bahari ulitunyang'anya karatasi:
"Hiyo inauzwa kila duka la watalii.
Nichoree mgongo wa mamako akifua."

Halafu maradufu ikapanda bei.
Ukawa watoa picha yako ukutani,
waipaka nyeupe, mara mbili, waianika uani,
watukabidhi: "Haya. Safi."
Sisi watoto. Tuliona nyeupe, tukadhani mpya.

Daftari lako lipo, la penseli, nusu limeliwa na mende:
*Kuze baada ya mvua, kapewa Fumo.*
*Mama akisuka ukili, kapewa Dzame.*
*Mimi mwenyewe, kwa kioo, kapewa Saumu.*
Saumu ni mimi.
Nilichora jogoo wa jirani. Miguu mitatu,
kwa kuwa wa pili niliukosea na hukuniruhusu kufuta.
Na chini ya jina langu, kwa wino, umeandika:

*Rangi si yangu ni deni,*
*nimeikopa dukani,*
*nitalilipa kwa nani*
*ila kwa mikono yenu.*

Bibi wa miwani alisoma, akavua miwani.
"Kuna wataalamu," akasema polepole,
"wana dawa. Jogoo anaweza kubanduliwa."

Nikamchukua jogoo nyumbani, nikamlaza mezani.
Pembeni, chumvi ya ukuta imeivimbisha rangi,
kipande cha ukucha kimejitoa chenyewe,
na ndani yake kuna kahawia.
Labda paji la uso. Labda ukingo wa kiti.
Nilitwaa kisu cha samaki.
Nilikaa nacho mpaka chai ikapoa, ikaota utando,
na yule jogoo akinitazama kwa jicho moja,
jicho ulilonisaidia, ukanishika mkono:
"Acha tone jeupe hapo, ataona."

Nikakirudisha kisu.

Atatundikwa vivyo hivyo, na miguu yake yote.
Kibandiko nimeandika mwenyewe:
Swafiya binti Mbarak, na Saumu, umri miaka tisa.
Rangi ya mafuta juu ya rangi ya mafuta.